Suti ya Kuzamia kwa Maji ya Baridi: Ipi Inunuliwe na Mkazi wa Dodoma

Mkazi wa Dodoma aliyejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa kwa kawaida amejifunzia Zanzibar, Mafia au Dar es Salaam, ambako bahari huwa na nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka na suti yenye unene wa milimita 3 humtosha kabisa. Hata Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa hayawezi kumzoesha baridi ya kweli, kwa kuwa maji yake hubaki na nyuzi 22 au zaidi hata kwenye kina. Mambo hubadilika anapopata safari ya masomo, ya kikazi au ya matembezi kwenda Cape Town, Uskoti au Norwei. Upande wa Atlantiki wa Cape Town maji hucheza kati ya nyuzi 8 na 14, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi baridi huzidi wakati wa kiangazi, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu mbali na pwani na yale ya chini hupanda kushika nafasi yake. Anayefungasha mizigo kwa kutazama jua la Januari ataumbuka.

Maji hupokonya mwili joto kwa kasi inayozidi ile ya hewa kwa takriban mara 25, ndiyo maana nyuzi 14, ambazo usiku wa Julai mjini Dodoma hazihitaji zaidi ya sweta, humtetemesha mtu ndani ya dakika chache akiwa baharini. Suti tunayoizungumzia ilibuniwa mwaka 1952 na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetambua kwamba mzamiaji anaweza kulowa na bado asipoteze joto iwapo vazi lake lina viputo vya gesi. Kinachokinga ni viputo hivyo vilivyofungiwa ndani ya mpira wa neopreni. Maji machache yanayoingia hayana madhara yakitulia, lakini yakitoka na mengine kuingia, mwili hulazimika kuyapasha moto upya kila mara. Kwa hiyo suti ya milimita 7 inayopwaya mgongoni inaweza kuzidiwa na ya milimita 5 iliyokaa vizuri, jambo ambalo wauzaji wanaotangaza unene peke yake hawapendi kulisema.

Kwa maji ya nyuzi 10 hadi 16, chaguo la kwanza bila ubishi ni suti nusu-kavu ya milimita 7. Hii ina vizuizi laini vya mpira kwenye vifundo vya mikono, vifundo vya miguu na shingoni, pamoja na zipu ngumu isiyopitisha maji kwa urahisi. Kagua mishono kabla ya kuuliza bei: vipande viwe vimeunganishwa kwa gundi kwanza, kisha vikashonwa bila sindano kutoboa hadi upande wa pili. Mshono bapa unaoonekana ndani na nje umejaa matundu ya sindano, na unafaa kwa maji ya joto tu. Bei uliyotajiwa iongezee kofia ya milimita 5 au 7, glavu za milimita 5 na buti, kwani bila hivyo utakuwa umenunua nusu ya kinga. Kofia hasa isiachwe, maana baridi inayoingia ghafla masikioni huleta kizunguzungu hata kwa mzamiaji mzoefu.

Nafasi ya pili naipa suti ya vipande viwili, yaani ovaroli isiyo na mikono pamoja na koti la juu, kila kimoja kikiwa na milimita 7, hivyo kifua na tumbo hupata milimita 14. Ni ya kizamani kidogo, huchosha mabega, na huhitaji vipande vingi vya madini ya risasi ili mkanda uweze kukuzamisha. Hata hivyo kwa mtu ambaye tumbo na mabega yake havilingani na jedwali la vipimo vya kiwandani, nami nadhani ndio wengi wetu, ina faida kubwa ya kukuwezesha kuchukua koti la kipimo kimoja na ovaroli la kipimo kingine. Tena ovaroli peke yake huvalika maji yanapokuwa ya wastani.

Suti ya milimita 5 inayovaliwa juu ya fulana ya neopreni yenye kofia ni ya tatu. Inafaa kuanzia nyuzi 17 hivi, kama zile zinazopatikana False Bay, ghuba iliyo jirani na Cape Town, maji yanapokuwa mazuri, na ndiyo pekee kati ya hizi ambayo mzamiaji wa Dodoma ataitumia pia Mafia bila kuungua, akiiacha fulana nyumbani. Suti mbili za milimita 3 zilizovaliwa pamoja ni ubahili usiolipa, kwani mikono haikunjiki.

Suti kavu, yaani ile isiyoingiza maji kabisa, sijaiweka kwenye mpangilio huu. Chini ya nyuzi 10 ndiyo jibu sahihi, lakini bei yake ni mara kadhaa ya nusu-kavu, na hewa iliyomo ndani yake isipodhibitiwa humrusha mzamiaji juu miguu ikitangulia. Inataka mafunzo yake mahususi kabla ya fedha.

Kuagiza mtandaoni ukiwa Dodoma kuna kikwazo kimoja kikubwa, nacho ni kipimo, maana kurudisha kifurushi nje ya nchi na kukilipia upya hula akiba yote ya bei nafuu. Ukiweza, jaribu suti dukani huko huko unakokwenda. Ukiijaribia nyumbani, fanya hivyo alfajiri, kwani saa saba mchana utatoka jasho na suti itagoma kupita mapajani hata kama ni saizi yako. Ikishafungwa, inua mikono juu, chuchumaa, kisha mwombe mtu akubinye kwa vidole pale kiuno kinapoingia ndani mgongoni. Akipata neopreni ya kushika bila kugusa ngozi yako, pale ndipo maji yatakapokusanyika. Shingoni ibane bila kukufanya uhisi kichwa kizito.

Wakati mwingine suti hujitokeza kwenye robota la mtumba, na muuzaji huiita nguo ya baiskeli. Ipo njia rahisi ya kuipima: binya goti lake kwa nguvu ukihesabu hadi kumi, kisha achia. Neopreni nzima hufumuka papo hapo, ila iliyochoka hubaki na alama ya vidole na huonekana nyembamba magotini na kwenye makalio kuliko kifuani. Hiyo viputo vyake vimekwisha, hata ikiwa bei ya kutupa.

Kumbuka pia kwamba hata suti mpya hukonda ndani ya maji. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na milimita 7 zinaweza kubaki takriban nusu, hivyo ukiwa chini baridi huongezeka na uwezo wa kuelea hupungua. Anayezamia mara kwa mara kwa kina hicho asishuke chini ya chaguo la kwanza.

Kwa safari moja tu ya Cape Town, ningekodi suti kule na kununua kofia, glavu na buti zangu mwenyewe, kwa kuwa ndivyo vinavyokodishwa vikiwa vimechakaa zaidi. Anayepanga kurudi kila mwaka anunue.

Utunzaji Dodoma una adui wake, nao ni jua na vumbi. Suuza suti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe kivulini ikiwa imegeuzwa nje ndani, upake nta kwenye zipu, kisha uitundike kwenye hanga pana chumbani na si stoo ya mabati, ambako joto la Oktoba huifanya neopreni kukakamaa na gundi ya mishono kuachia.