Eti Spika Mpya Zipigwe Masaa Mia Kwanza: Yaliyonikuta Kariakoo

Nilinunua spika mbili za sebuleni, zile za kusimama, kwenye duka moja Kariakoo miezi kadhaa iliyopita. Wati na rangi ya mbao sizungumzii, hayo yameandikwa kwenye boksi. Nazungumzia mkwaruzo. Besi ikishuka tu, spika ya kushoto inalia kama mtu anapara samaki. Nikaihamishia kulia, kwenye waya wa mwenzake: mkwaruzo ukahama nayo. Kwa hiyo si amplifaya wala si waya.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Kaka, spika mpya hizo, bado ngumu. Zipige masaa mia, zitafunguka." Nikazipiga. Mama watoto akavumilia makelele mchana kutwa, mpaka jirani akauliza kama tuna shughuli. Kurudi tena: "Aa, hiyo modeli inataka mia mbili." Kurudi mara nyingine: "Bosi, muda wa kurudisha mali umeshapita. Soma risiti." Yaani masaa yote yale yalikuwa ya kunichelewesha!

Sasa nisiseme uongo, spika kulainika kupo. Ule mpira unaozunguka koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika), na kile kitambaa chenye mikunjo kinachoshikilia koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) kwa nyuma, vikiwa vipya huwa vimekaza kidogo. Vikitikiswa vinalegea, na besi inashuka chini kidogo. Ila sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea mapema, mara tu unapoanza kuzipiga kwa nguvu. Haichukui mwezi. Yule kijana aliniambia hata waya za spika zinapaswa kuzoea. Shaba izoee nini?

Spika ya kulia, ile isiyo na mkwaruzo, kweli naisikia tamu kuliko siku ya kwanza. Inawezekana ni mpira, inawezekana ni masikio yangu yameizoea, na mimi naelemea zaidi kwenye masikio. Lakini kulegea hakuondoi mkwaruzo, na muuza spika lazima anajua hilo.

Fundi wa mtaani kwetu hakuhitaji hata kipimo. Alitoa kitambaa cha mbele, akaweka vidole kuzunguka koni, akaisukuma ndani taratibu. Kwaruu. Koili imekaa upande, inasugua chuma cha sumaku. Kila saa niliyoambiwa niipige ilikuwa inazidi kujila.

Ukinunua, omba zipigwe palepale dukani, wimbo wenye besi nzito, upande mmoja mmoja. Mimi mara ya pili ile nilimwomba yule kijana aandike nyuma ya risiti kwamba masaa yakiisha na mkwaruzo upo, watanibadilishia. Alicheka, akamgeukia mteja mwingine.

Nilianza kuandika nikiwa nimepanga kutoa nyota tatu kwa ajili ya ile spika ya kulia, maana ni nzuri kweli. Nimefika hapa naona ni nyingi. Naweka moja.