Fundi wa kupaka upya makabati ya jikoni: nimempata huko Keko, Dar, na hivi ndivyo nilivyomchuja

Nampa nyota nne kati ya tano huyu fundi wa Keko aliyenifanyia makabati ya jikoni. Nyota ya tano ameikosa na nitasema kwanini huko mbele, ila kwanza nataka nieleze nilimpataje, maana tangu watu waone jiko langu kila mtu ananiuliza kitu kimoja tu, "umefanya kwa shingapi?" Jamani bei ni ya mwisho kuuliza kwenye hii kazi. Kupaka rangi kila mtu anajua, hata mtoto ukimpa brashi anapaka. Kazi yenyewe iko kwenye kutoa mafuta na kupiga msasa kabla kopo la rangi halijafunguliwa, na hapo ndipo mafundi wetu wanapoachana.

Makabati yangu yako hivi. Ya juu ni mninga, yana miaka mingi, vanishi upande wa jiko ilishakuwa nyeusi na ukigusa vidole vinanata. Ya chini ni MDF iliyopakwa rangi ya mafuta nyeupe ambayo ilishageuka njano kabisa, halafu milango miwili ya chini ya sinki ilikuwa imevimba kwa maji. Nilivyoulizia kutengeneza mapya nikaambiwa 4,200,000, tena kwa MDF, yaani nitoe mninga wangu mzima usio na mchwa wala ufa niweke ubao wa unga wa mbao halafu na hela nilipe. Hapana kwakweli. Fremu zimenyooka, milango inafunga vizuri, kilichochoka ni vanishi tu.

Sasa kutafuta fundi. Kuna mmoja nilimpata Instagram, picha zake nzuri sana, makabati yanang'aa mpaka unajiona. Nikamtumia picha za jiko kwa WhatsApp, haikupita muda akajibu "laki tano kila kitu dada, siku mbili tumemaliza". Hajauliza mbao gani, hajauliza kilichopakwa mle ni rangi gani, hajauliza kama kuna sehemu imelowa. Picha ya simu haikuonyeshi mafuta, haikuonyeshi kama ubao umevimba kwa ndani. Na hizo siku mbili, hata kama angekuja na vijana kumi, kila mkono wa rangi una muda wake wa kukauka kabla hujapiga msasa mwepesi na kurudia, sasa praima, yaani ile rangi ya chini ya kushikia, mkono wa kwanza, wa pili, milango pande zote mbili, siku mbili zinatosha vipi? Anaruka hatua huyo. Nikamshukuru nikaendelea na mambo mengine.

Mwingine alikuja mpaka nyumbani, mtu mzima mwenye heshima zake, nikamuuliza swali ambalo sasa hivi namwambia kila mtu alitumie: "fundi, ukifika hapa asubuhi unaanza na nini?" Akasema tunapiga msasa halafu tunapulizia. Nikamuuliza na haya mafuta? Akasema msasa unayatoa. Hapana, hautoi. Ukipiga msasa juu ya mafuta unayasukuma yaingie kwenye mikwaruzo ya mbao, halafu rangi ikija juu yake inakataa kushika, inajikusanya na kuacha vijishimo vidogovidogo, na hata pale iliposhika inaanza kubanduka kuzunguka vishikio ambako mikono inagusa kila siku. Jirani yangu yamemkuta hayo, rangi ilimenyeka kwenye droo ya vijiko kabla hata mwaka haujaisha na aliyemfanyia hapokei simu tena. Mafuta yanatoka kwa maji ya moto na sabuni kali, unasugua, unasuuza, unaacha kukauke, halafu unafuta kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndiyo unachukua msasa.

Huyu wa Keko alivyokuja hata sikumuuliza hilo swali. Alitoa kitambaa cheupe mfukoni akafuta mlango wa juu ya jiko, akanionyesha, kitambaa kimekuwa rangi ya chai ya rangi. Akasema "dada, hapa kuna siku nzima ya kuosha kabla ya kitu chochote". Halafu akafungua mlango wa MDF, akachagua kona ya ndani karibu na bawaba ambako hapaonekani, akadondosha tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kidogo kwa pamba na kusubiri. Rangi ikajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akaniambia hii ni rangi ya mafuta, na mtu akija kukupulizia rangi ya tina juu yake, ile ya kukauka haraka, mlango mzima utajikunja hivi hivi. Akafanya hivyo hivyo kwenye mninga, ile vanishi ikalainika na kuyeyuka, akasema hii ya zamani ilikuwa ya tina, inatoka vizuri. Kama isingefanya chochote, basi ingekuwa ama rangi ya kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kuifanya iwe ngumu, ama ubao wa melamini, ule uliobandikwa ganda la plastiki, na melamini nayo ina praima yake ya kushikia, bila hiyo rangi inabanduka kama stika. Mtu wa hivi ndiye unayemtafuta. Tone moja la tina linakuambia utumie nini juu ya kilichopo, na ukiona fundi anaanza kutaja rangi kabla hajajua alichokikuta, mwache aende.

Tukafika kwenye milango miwili iliyovimba. Nilitegemea aniambie ataipiga puti, maana ndiyo hela yake, kila mlango una bei. Akabonyeza chini kwa kidole gumba, ubao ukaingia ndani. Akasema hii sipaki, MDF ikishakunywa maji hairudi, ukipaka itapendeza mwezi mmoja halafu inapasuka, bora nikukatie milango miwili mipya nizibe kingo zake vizuri. Na hapo kwenye kingo akanifundisha kitu: MDF usoni imekandamizwa lakini pale ilipokatwa inanyonya kama sifongo, ndiyo maana ukiona kabati la MDF limepakwa vibaya angalia pembeni, utakuta pamekwaruza na rangi imefifia kuliko usoni. Zinatakiwa zipigwe sila, ile ya kuziba vinyweleo vya ubao, msasa, sila tena, ndiyo zipokee rangi, na ukingo wa chini usioonekana ndiyo usirukwe kabisa maana maji ya kudeki yanaanzia huko.

Mimi nilitaka yote yawe meupe, niseme ukweli, kila jiko unaloona mtandaoni ni jeupe. Akaniuliza, "mninga nao?" Akasema anaweza, ila mbao zenye rangi nzito kama mninga zinaweza kutoa rangi yake ikapenya juu, baada ya muda unaona madoa ya kahawia kwenye weupe wako, kwahiyo lazima ipigwe kwanza praima ya kuzuia madoa, na hiyo ni gharama nyingine, na rangi nyeupe ya mafuta itakuja kugeuka njano tena kama hii ya chini. Halafu akasema tu taratibu, "mninga siku hizi watu wanautafuta". Tukakubaliana juu ubaki mninga kwa vanishi safi isiyong'aa sana, chini ndiyo pawe peupe kwa rangi ya hadena ambayo haigeuki njano haraka na inavumilia kufutwafutwa. Nimefurahi sana na huo uamuzi, mistari ya mninga ilivyotoka baada ya kukwanguliwa ile vanishi nyeusi, nilikaa pale nauangalia tu.

Kabla ya kumpa kazi yote nilimwomba afanye mlango mmoja wa mfano, nikamlipa wa huo huo. Fundi mzuri hakatai hili. Mlango ulivyorudi nikaupitisha mkono pande zote na kingo, nikaushika pembeni ya dirisha nikaangalia mwanga unavyolala juu yake, maana michirizi na vumbi lililonaswa huvioni ukisimama mbele, unaviona ukiangalia kwa upande. Nikabandika tepu kwenye kona ya ndani nikaivuta kwa nguvu, haikuondoka na rangi. Tukaandikiana. Asilimia 40 ya kununulia vifaa na risiti za Kariakoo nione, 45 milango ikirudi na kufungwa, 15 baada ya wiki mbili za kutumia. Hiyo 15 ya mwisho msiiache, nitawaambia ilinisaidia nini.

Kazi yenyewe sasa. Kila mlango aliuandika namba kwa penseli ndani ya tundu la bawaba, lile la duara la milimita 35, akalizibia tepu juu, kwahiyo rangi haikuingia na namba haikufutika, na wakati wa kurudisha kila mlango ulikwenda kwake. Inaonekana ndogo lakini milango ya zamani imeshazoeana na fremu zake, ukiichanganya inaanza kugongana. Skrubu za kila mlango kwenye kifuko chake. Vishikio alitoa vyote, maana yule anayezungushia tepu kwenye kishikio bila kukitoa anakuachia mstari ambao ndiyo rangi inaanzia kubanduka.

Milango na droo alipeleka karakana kupulizia huko, na hili kwangu ni sharti. Mivuke ya tina na rangi za kupulizia inashika moto kirahisi, na jikoni kuna mtungi wa gesi na friji inayojiwasha yenyewe. Fremu alizipaka hapahapa kwa brashi na rola, mtungi ukiwa nje, friji imechomolewa, madirisha wazi. Na rangi za hadena zina kemikali mbaya kwa mapafu wakati wa kupulizia, kwahiyo nilipita karakana makusudi nikaona ana maski ya vichujio, siyo kitambaa cha kufunga puani. Kama fundi hajali pumzi yake mwenyewe, ya watoto wako ataijali? Pia kama nyumba yenu ni ya zamani sana na hamjui rangi ya mwanzo ni ipi, msikubali ikwanguliwe kavu ndani ya nyumba, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto, bora msasa wa maji na kufuta kila siku.

Wakati nao uliangaliwa. Tulifanya baada ya masika. Dar kuanzia Machi mpaka Mei hewa imejaa maji, vanishi ya tina ikipigwa siku ya unyevu inaingiwa na weupe kama ukungu, unafikiri ni uchafu kumbe maji yamenaswa ndani. Fundi anayekubali kupulizia nje mvua ikiwa inanyesha muulize vizuri.

Sasa nyota iliyokosekana. Kwanza simu. Akiwa kwenye kazi hapokei na meseji anajibu usiku, alisema Alhamisi milango inarudi ikaja Jumatatu, sababu aliyonayo ni ya kweli kwamba mkono wa pili haukuwa umekauka vizuri, na ningekasirika zaidi angeleta mibichi, lakini mtu mwenye familia inayokula kwenye jiko lisilo na milango anatakiwa kuambiwa mapema. Pili vumbi. Alifunika kaunta kwa nailoni lakini mlango wa kwenda sebuleni hakuuziba, kochi lote lilikuwa jeupe. Tatu, droo moja ilirudi na mchirizi wa rangi umeganda kwenye ukingo wa chini na mlango mmoja ulikuwa unasugua fremu, kwasababu rangi mpya imeongeza unene. Nikampigia, nikamkumbusha kuna asilimia 15, akaja na msasa namba 400, akarekebisha bawaba, droo akaondoka nayo akairudisha imenyooka. Hakubishana hata kidogo.

Gharama, maana najua ndiyo mnasubiri: milango 14 kwa 35,000, droo 5 kwa 20,000, fremu 150,000, jumla ya ufundi 740,000. Vifaa pamoja na ile milango miwili mipya vikafika 380,000. Yote 1,120,000. Ni zaidi ya mara mbili ya yule wa laki tano, na ni kama robo ya makabati mapya.

Kuhusu vyeti, wengine wananiambia chukua aliyesoma VETA, vyuo vya ufundi vya serikali. Nawaheshimu sana vijana wa VETA Chang'ombe, wanafundishwa vizuri, lakini huyu wangu amejifunzia karakana kwa baba yake mdogo na hana cheti cha kupaka rangi. Mimi nilichoomba ni kwenda kuona makabati aliyoyafanya zamani, yaliyotumika, siyo ya jana. Alinipeleka Tabata kwa mama mmoja anayepika chapati za kuuza, mafuta kila siku, makabati yana zaidi ya miaka mitatu. Nikaomba kuangalia mlango wa juu ya jiko na ukingo wa chini ya sinki. Vilikuwa vizima. Yule mama akaniambia hajawahi kumwita tena isipokuwa kwa kitanda.

Kwa matunzo kaniambia nisubiri wiki hivi kabla ya kusugua kwa nguvu, rangi ikikauka kwa kugusa bado ndani haijakomaa, na nifute kwa kitambaa laini chenye sabuni kidogo, hizi sponji za kijani za kusugulia sufuria zisiguse kabisa. Ameniachia rangi iliyobaki bila kuchanganywa, hadena kwenye kopo lake pembeni, na karatasi imeandikwa vipimo, ili siku mlango ukichubuka nisianze kutafuta weupe unaofanana. Milango ya kabati la nguo chumbani nayo nitampa yeye, ila safari hii tarehe za kurudisha tunaziandika kwenye karatasi na mlango wa sebuleni nauziba mwenyewe.