Autosol kwenye tapeti kava ya aluminiamu, uzoefu wangu

Jana nimemaliza kung'arisha tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) ya Corolla yangu ya zamani kwa Autosol, ile dawa ya tyubu ya Mjerumani kutoka Solingen, na kwa vile kabla ya kununua nilimtafuta mtu aliyeijaribu kwenye aluminiamu nikamkosa, acha niandike mwenyewe.

Dawa yenyewe naipenda sana. Unaweka kidogo tu kama ya mswaki, unasugua na kitambaa cha pamba, inatoka nyeusi tii na usiogope, ndo inafanya kazi hiyo, endelea tu mpaka kitambaa kiteleze halafu futa na kingine kikavu, sura yako unaiona humo. Tyubu ya 75 ml nimepiga kava nzima mara mbili na bado ipo.

Ila usiipake kwenye kava kama ilivyotoka kwenye gari!! Siku ya kwanza nilisugua saa nzima ikawa safi tu, kung'aa hakuna. Aluminiamu ya kumimina kwenye kalibu ina ngozi ya chengachenga, dawa haiwezi kuvila vile vilima, hapo ni msasa. Nilianza namba 120, nikaja 240, 400, 600, 800, 1000, 1500 hadi 2000, na kuanzia 400 ni msasa wa maji, na hayo maji tia sabuni ya vyombo kidogo ili msasa usizibe. Kila ukipanda namba badili uelekeo, kama ulisugua kwa urefu sasa sugua kwa upana, hapo mikwaruzo ya namba iliyopita utaiona kama bado ipo. Mimi 240 niliikimbiza, mikwaruzo yake ikaja kujitokeza nipo 2000, nikarudi nyuma, Jumapili yote ikaishia hapo. Vishimo vidogo vidogo vya hewa viache, ukivifukuza utaimaliza kava.

Kuna duka huko mtaa wa Gerezani, Dar, waliniambia niloweke kwenye kostiki soda itoe mafuta na rangi. Nashukuru nilijaribu kwanza kwenye ganda la alteneta mbovu, lilichemka povu likawa jeusi limeliwa. Kostiki inakula aluminiamu jamani, msithubutu. Mafuta toa kwa mafuta ya taa kisha sabuni, rangi kwa dawa ya kutolea rangi, na brashi ya waya wa chuma weka mbali.

Hili naomba mlisikie vizuri: fungua kava kabisa, usisugue ikiwa juu ya injini, pale inapokaa gasketi usipaguse na msasa, na ukimaliza osha ndani kila kona mpaka maji yatoke meupe, maana ule unga wa msasa ukiingia kwenye oili unaenda kusaga beringi. Na vaa barakoa, vumbi la aluminiamu si la kuvuta.

Nakaa Kigamboni, chumvi ya bahari haina huruma. Kifuniko cha themostati nilichokianza kabla ya kava kilififia wiki ya tatu, nikakipaka Autosol dakika tano kikarudi vilevile bila msasa. Kava nimeipaka na nta juu, nitakuwa naifuta kila nikiosha gari. Zinazofuata ni rimu, hizo zina vanishi kwa hiyo lazima niitoe kwanza, tyubu ya pili nishanunua.