Jipu ya viti saba: mama mkwe wangu alishukia mlango wa nyuma

Niseme mapema ili asiye na subira asome mistari hii aende zake. Kama una familia kubwa hapa Lubumbashi, na mtu akakushauri uuze minibasi yako ununue jipu ya viti saba kwa sababu eti "ni kitu kile kile, ila hii ina heshima", mpe maji ya kunywa, mshukuru, na umsindikize mpaka getini. Usimfuate.

Aina ya jipu yangu siitaji. Zinazofanana nayo zimejaa mjini, kutoka mtaa wa Golf mpaka Ruashi, na wenye nazo watajitambua. Habari za injini na unywaji wa mafuta ziko kila mahali, katafuteni huko. Mimi nina neno moja tu, nalo ni la kiti.

Kabla ya hapo nilikuwa na minibasi, Toyota Noah, zile za zamani ambazo injini imelala chini ya viti vya mbele, fundi akitaka kuiona lazima abinue kiti. Usukani kulia. Mlango wa pembeni ni mmoja, tena uko kushoto, kwa sababu Japani wanaendesha kushoto na abiria anashukia kwenye ukingo. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo abiria wako anashukia upande wa barabara, pikipiki zinampitia puani. Hilo sibishi. Lakini mlango ule ukivutwa, umefunguka kweli! Mtu mzima anapanda kwa hatua moja, anapita kando ya benchi la kati, anakwenda kukaa nyuma kabisa bila kumwomba mtu ampishe.

Na huko nyuma kabisa ndiko mama mkwe wangu alikokuwa akikaa. Wa kwetu wameshaelewa, wengine niwaeleze. Bukwe una sheria zake. Mimi na mama mkwe hatukai bega kwa bega, hatupeani mkono, hatutazamani usoni. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Kiti cha mbele, karibu nami, hawezi kukaa. Benchi la kati, macho yake kwenye kisogo changu safari nzima, hataki. Benchi la mwisho lilikuwa lake, na watoto waliojaa katikati walikuwa pazia letu. Miaka yote hiyo gari lilitutunzia adabu, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Kisha akaja komisyoneri, yaani dalali wa magari. Kijana nadhifu, maneno laini, simu mbili mkononi. "Muzee," akaniambia, "hii ni basi na jipu kwa mara moja. Watu saba wanakaa vizuri, potopoto haikusumbui, na ukifika kwa watu wanasimama." Mke wangu akaizunguka mara moja, akapanda mbele, akaona barabara kutoka juu, kazi ikaisha. Noah nikamuuzia shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kwa bei ya kifamilia, yaani bei ambayo mpaka leo inaniuma.

Masika yaliyofuata tukawa na safari ya Likasi, kupokea mahari ya mdogo wa mke wangu, nyumbani kwa mjomba wao mkubwa. Kutoka hapa ni kama kilomita 120 za lami, unalipa kwenye kizuizi, unakwenda. Mama mkwe akafika asubuhi amevaa kitenge kipya na kilemba chake, akaelekea nyuma kama desturi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwenye jipu hizi huwezi tu kuingia nyuma. Kuna mkono mdogo wa plastiki begani mwa kiti cha kati. Unauvuta, mgongo wa kiti unalala, kiti chote kinasogea mbele, na linabaki pengo. Kwenye pengo hilo unaingia kwa ubavu, mguu kwanza, kichwa baadaye, huku mtu anakushikilia kiuno. Tena ni upande mmoja tu, upande wa pili hawakuweka kitu. Mama akaingia. Kwa muda gani, na kwa miguno mingapi, tuyaache. Huko nyuma sakafu iko juu, kwa sababu chini yake wamepitisha difu na mabomba, na kiti kiko chini ili paa lisikuguse. Ukikaa, magoti yanakuja kifuani. Mtoto wa miaka sita anaona ni mchezo. Mama wa miaka sabini na kitu amekaa hivyo mpaka Likasi, na hakusema neno. Kila nikitupa jicho kwenye kioo naona kilemba tu, kinaruka kwenye kila shimo.

Tukafika mvua inanyesha. Mbele ya geti la mjomba watu wa upande wa bwana harusi walikwishapanga mstari, kreti za vinywaji, mbuzi, wazee wenye kofia. Mke wangu akashuka. Watoto wakashuka. Shemeji wa kike akavuta ule mkono. Ukatoa mlio mkavu, tk, na kiti hakikujongea. Akavuta tena, tk. Akausukuma, akaupiga kofi, akamwita mwingine mwenye nguvu zaidi. Tk.

Fikirieni. Mwenye gari ni mimi. Ninayejua mahali pa kushika na pa kubonyeza ni mimi. Na katika watu wote waliosimama pale, ni mimi peke yangu nisiyeruhusiwa kumsogelea.

Wakafungua mlango wa nyuma, ule unaoinuka juu. Wakaitoa mikungu ya ndizi, wakalaza mgongo wa kiti cha mwisho, na vijana wawili, wapwa wa mke wangu, wakamwambia, "Nyanya, njoo kinyumenyume." Mama wa bibi harusi akatoka garini kwa kurudi nyuma, juu ya zulia la mizigo, mbele ya wakwe zake wapya, mwavuli umeshikwa upande usiokuwa na mvua. Kiatu kimoja kikabaki ndani. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wa jirani, nasoma tangazo la mtu anayeuza makaa. Nililisoma mpaka namba yake ya simu nikaikariri. Nyuma yangu nikasikia kicheko kimoja kikizimwa na kikohozi. Mjomba akaja, akasimama kando yangu, naye akautazama ule ukuta.

"Mkwe," akasema, "gari nzuri."

Basi. Hakuongeza kitu, na laiti angeongeza.

Siku chache baadaye nikaenda kwa komisyoneri. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, anahesabu franga, fungu moja moja, raba mdomoni. Nikaeleza yote. Hakuinua kichwa. Akamaliza fungu, akalifunga raba, ndipo akasema: "Muzee, nyuma ni pa watoto. Mama mkubwa ulimpeleka huko kufanya nini?"

Nikamwambia, wewe ndiye uliyesema watu saba wanakaa vizuri.

"Saba wanakaa. Sikusema saba wazima." Akaanza fungu jingine. "Na kama ulitaka basi, Muzee, ungenunua basi."

Nimeishi katika mji huu tangu nizaliwe, nimetukanwa na watu wa kila cheo, lakini sentensi ile ilinifuata mpaka kitandani. Ungenunua basi! Nilikuwa nalo! Wewe ndiye uliyeninyang'anya!

Fundi wangu wa Katuba akakifungua kiti. Ndani kuna waya mwembamba unaotoka kwenye mkono mpaka kwenye komeo la chini, na ulikuwa umechomoka kwenye ndoano yake ya plastiki, nayo imepasuka. Kitu chenye ukubwa wa ukucha. Akaenda sokoni akanunua waya wa breki ya baiskeli, akaukata, akautia, na tangu siku hiyo mkono unafanya kazi kuliko ulivyotoka kiwandani. Alinitoza kidogo mpaka nikaona haya. Lakini kwa kuwa gari lilikuwa juu ya jeki, akaniita niangalie chini. "Papa, tazama. Chasi iko wapi?" Hakuna. Ni bodi moja kama teksi yoyote. Injini imelala kwa upana, inavuta magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanaamshwa tu pale ya mbele yanapoteleza. Gia ndogo ya kupandia mlima hakuna. Land Cruiser zile nyeupe za kampuni za migodi, zinazopita hapa kwenda Kolwezi zimejaa vumbi, ni mnyama mwingine kabisa.

Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyochemka. Toyota wanaunganisha Highlander, jipu ya familia, na Sienna, ambayo ni minibasi, katika kiwanda kimoja kule Princeton, Indiana. Honda wanafanya vivyo hivyo kule Lincoln, Alabama: Pilot na Odyssey chini ya paa moja, mifupa ya ukoo mmoja. Na mnaoijua Peugeot 5008: ilipotoka mwaka 2009 ilikuwa minibasi ya familia, haikumdanganya mtu. Kizazi cha pili, mwaka 2016, wakaipandisha, wakaitia pua na plastiki nyeusi pembeni, wakaiita jipu, na bado kizazi hicho kilivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Hata Renault Espace, gari lililowafundisha Wafaransa kusafiri na watoto wengi tangu 1984, tangu mwaka 2023 nalo ni jipu.

Kwa hiyo mnaouliza kama jipu za familia ni minibasi zilizovaa nguo nyingine, jibu langu la siku ile kwa fundi lilikuwa ndiyo, wezi wakubwa. Leo nasema hapana, na nasema hapana kwa hasira zaidi. Laiti zingekuwa minibasi! Chrysler walipotoa zile minibasi zao za kwanza mwishoni mwa 1983 walichukua mitambo ya gari dogo la kawaida wakaitia vitu vinavyomfaa mwenye watoto na wazee: sakafu iliyo chini, mlango unaoteleza, mahali pa kupita. Jipu ya familia imechukua mitambo ileile ya gari dogo, ikavitupa hivyo vyote, halafu ikatudai pesa zaidi kwa ajili ya boneti ndefu. Kia wana Carnival, uso wa jipu kabisa, lakini milango ya pembeni inateleza. Huo ni uongo ninaoweza kuishi nao.

Sasa nisiwe mwongo na mimi. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, na ile barabara ya kwenda Kasapa ikawa mto. Noah ingeingia maji mpaka kwenye mazulia, na mimi ningekuwa nje nimekunja suruali. Jipu ikapita polepole, maji yanapiga chini ya milango, ndani pakavu, watoto wanashangilia. Vituta vya mtaani haviligusi tumbo lake. Vumbi la kiangazi linakaa nje, ilhali kwenye Noah lilijaa kwenye reli ya mlango mpaka unauvuta kwa mikono miwili. Na mke wangu, nikitaja kuiuza, hanijibu, anauliza tu kama nimekula. Siku ile ningeipa jipu alama nne kwa tano, na ningemsalimia hata komisyoneri.

Mwenye watoto wawili au watatu na asiye na wakwe karibu, anunue, atafurahi. Mwingine yeyote kabla ya kutoa hata dola moja aende na shangazi yake aliye mkubwa kuliko wote, amwingize nyuma, amfungie, azungushe mtaa mmoja, kisha amtoe. Muuzaji akicheka, ondokeni.

Alama nne nimezirudisha. Jana tulikuwa na kilio huko Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, upande wa mke wangu, nikatuma ujumbe kwamba nitapita kumchukua mama mkwe, kiti kimetengenezwa, kinafunguka kwa kidole kimoja. Jibu likaja kupitia kwa mke wangu: mama amekwishaondoka, amepanda Noah ya shemeji, amekaa nyuma, mahali pake.

Nikampigia shemeji jioni. Nikamwomba aniuzie ile Noah, ataje bei mwenyewe, sitabishana. Akanyamaza kidogo. Akasema atamuuliza mama kwanza.