Samli ya Tukuyu kwenye biskuti za Krismasi za Kigiriki

Ninayemsifia hapa ni mama mmoja wa Kinyakyusa anayeuza samli soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, upande wa wauza maharage. Kila Desemba naulizwa kurabiede zangu nazifanyaje mpaka zinayeyuka mdomoni. Siri ni samli yake. Unga, sukari na oveni ninavyotumia ni vya kawaida kabisa.

Kwa asiyezijua, kurabiede ni biskuti nyeupe za Wagiriki za Krismasi na Mwaka Mpya. Ndani zina lozi zilizokaangwa, nje zimefunikwa sukari ya unga mpaka hazionekani. Marehemu mama yangu alijifunza kuzipika Iringa, alipokuwa mpishi kwenye nyumba ya Wagiriki waliolima tumbaku. Kwao Ugiriki wapishi wengi hutumia siagi ya maziwa ya kondoo na mbuzi iliyochemshwa na kuchujwa, yaani samli. Sasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tuna Rungwe, huko Tukuyu, yenye ng'ombe wa maziwa kila kijiji, halafu tunakimbilia majarini ya ndoo! Hilo linaniuma kweli.

Na si suala la ladha peke yake. Siagi ya kawaida ina maji, kama asilimia 16 hivi, na majarini nayo ina yake. Maji yakikutana na unga wa ngano ukaukanda, donge linavutana na biskuti inatoka ngumu. Samli ni mafuta karibu yote, kwa hiyo kurabiede inasagika yenyewe ukiibana kwa ulimi. Tena biskuti hii haina viungo vingi vya kufichia mafuta mabaya. Ukiweka majarini, utaionja majarini.

Nilipofika kwa yule mama wa samli mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi, maana duka moja la mjini lilishaniuzia kopo la "samli safi" lililoacha utando kwenye kaakaa kama mshumaa. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, paka mkononi kwanza, usinunue kwa macho." Akanichotea kidogo kwa ncha ya kijiko. Nikaipaka nyuma ya kiganja, ikayeyuka palepale kwa joto la mwili, ngozi haikubaki na nta. Kwenye chupa ilikuwa imeganda kwa chengachenga ndogo za njano, na chini kabisa kulikuwa na mashapo membamba ya kahawia. Harufu ni ya maziwa yaliyochemka taratibu. Yale mashapo akaniambia nisiyatupe, nikaangie ndizi. Nilikaangia, na wanangu wanayadai mpaka leo.

Kasoro zipo mbili, na nimemwambia mwenyewe. Kwanza, samli inayochemshiwa kwenye kuni mara nyingine inakuja na moshi. Kwa maharage au pilau moshi huo ni mtamu, lakini kwenye kurabiede unaharibu kila kitu. Nusa kila chupa, hata kama jana yake ulinunua nzuri. Pili, anafungasha kwenye chupa za maji za mdomo mwembamba. Baridi ya Mbeya unaijua: samli inaganda kama jiwe na kijiko hakipiti. Watu wanaiweka juani au kwenye maji ya moto mpaka inakuwa mafuta matupu, na hapo ndipo biskuti zinapoharibika, kwa sababu samli iliyoyeyuka haishiki hewa. Inatakiwa iwe laini tu, kidole kizame bila kuteleza. Mimi siku hizi naenda na kopo langu la mdomo mpana, ananipimia humo bila kinyongo.

Vipimo vyangu: gramu 200 za samli kwa gramu 80 za sukari ya unga. Hapa usiwe na haraka. Piga mpaka njano ipotee, mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Kwa mashine ndogo ni kama dakika 15, kwa mwiko andaa mkono. Weka kiini kimoja cha yai, kisha gramu 100 za lozi zilizokaangwa na kukatwakatwa. Lozi hapa mjini ni ghali, kwa hiyo mara nyingi natumia korosho, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo. Unga unaingia mwisho, gramu 300 hivi, unachanganya kwa vidole na kuacha mara tu donge linaposhikana. Oveni nyuzi 170, dakika 20, zitoke zikiwa bado zimepauka. Zikiwa za moto nazinyunyizia maji ya waridi, zikipoa nazifunika sukari. Desemba ni msimu wa mvua huku kwetu na hewa ina unyevu, sukari inalowa upesi, kwa hiyo funga kopo na uongeze sukari wakati wa kupakua.

Melomakarona, biskuti nyingine za Krismasi za Kigiriki, zile za asali, usizitilie samli hii. Zenyewe ni za mafuta ya zeituni, juisi ya chungwa, mdalasini na karafuu. Mafuta ya alizeti yanakubali pia. Zikitoka motoni unazichovya kwenye shira ya asali iliyopoa. Hazina siagi wala yai, ndiyo maana Waothodoksi wanaweza kuzila hata kwenye mfungo wa siku 40 kabla ya Krismasi. Kurabiede zinasubiri sikukuu yenyewe. Mama alikuwa akisimulia kwamba kwa wale mabosi wake sinia la kurabiede lilikaa kabatini, limefungwa kwa ufunguo, mpaka watu warudi kanisani.

Bei ya safari hii ilikuwa shilingi 10,000 kwa nusu kilo. Ni zaidi ya majarini, ndiyo, lakini nusu kilo inakutolea sinia mbili zilizojaa na bado unabaki na ya kukaangia ndizi. Samli inafika kutoka Tukuyu Jumatano na Jumamosi, na kufikia saa nne asubuhi nzuri zote zimeshachukuliwa. Za Krismasi mwagizeni mapema Novemba, mwambieni kabisa ni ya biskuti ili awatengee isiyo na moshi, na kopo nendeni nalo.