TAHADHARI: Fundi wa Tegeta na muuza vipuri wa Ilala walioniuzia giaboksi nisiyoihitaji

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu nimetoa shilingi 1,650,000 kununua giaboksi ambayo gari langu halikuihitaji, na nilizitoa kwa mkono wangu, mbele ya watu, huku nikishukuru.

Nilikuwa na safari ya Korogwe; sababu yake wanaonifahamu wanaijua, hivyo sitaieleza. Alhamisi nilimpelekea fundi Premio yangu ikiwa inalia kila nikikanyaga mafuta, sauti nyembamba kama ya mbu aliye karibu na sikio, iliyopanda kadiri injini ilivyozidi kuzunguka na kushuka nilipoachia. Jumamosi alfajiri nilipaswa kuwa barabarani.

Nilimwamini kwa sababu tangu mwaka 2021 ndiye aliyekuwa akinibadilishia pedi za breki na shokapu, hakuwahi kunizidishia bei, na mara mbili alinirudishia chenji ya vipuri ambayo mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuisahau. Mtu wa namna hiyo unamtilia shaka kwa lipi?

Aliendesha gari mwenyewe, mimi nikiwa pembeni yake, kisha akasimama kando ya barabara, akashika kigingi cha gia na kunyamaza kwa muda mrefu. "Mzee wangu, hii ni giaboksi, na ukienda nayo Korogwe itakufia Mkata usiku." Tuliporudi gereji alilinyanyua gari kwa jeki, akamwaga oili, akafungua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, na kuchomoa sumaku iliyo ndani yake. Alipitisha kidole juu ya ile sumaku, kikatoka na tope la kijivu, akanipaka kiganjani. "Hivi ni vyuma vya giaboksi yako, inajisaga yenyewe." Nilikiangalia kiganja changu juani, nikaona kweli kinametameta, na vijana wa gereji wakanipa pole kama niliyefiwa. Sikuuliza swali hata moja. Hakuna aliyeniambia kwamba sumaku huwekwa kwenye sampo kwa kazi hiyohiyo ya kunasa unga wa chuma, kwamba utando mwembamba wa kijivu hukutwa hata kwenye giaboksi nzima, na kwamba cha kutisha ni vipande unavyovihisi ukivisugua kwa vidole.

Papo hapo alimpigia simu muuzaji wa Ilala akiwa ameweka sauti ya nje, nami nikasikia kwamba imebaki giaboksi moja tu kutoka Japani na kwamba kuna mteja anaifuata saa kumi. Bei ilikuwa milioni 2, lakini ingeshuka hadi 1,650,000 endapo ningeacha ile ya zamani. Nililipa kwa simu. Badala ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kisicho na jina la duka wala namba ya giaboksi.

Giaboksi ilipokwisha kufungwa, sauti ilikuwa palepale. Fundi akasema oili bado haijazunguka sawasawa, nitembee nayo kilomita 500 itatulia, na hilo nalo nikaliamini.

Korogwe, fundi mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini alifungua boneti gari likiwa limesimama, gia ikiwa kwenye P (ya kuegesha), akaniomba nipige resi. Sauti ikaja ileile. Alizima injini, akautoa mkanda wa alteneta, kifaa kinachochaji betri, akawasha kwa muda usiofika nusu dakika, na gari likawa kimya kabisa. "Ni beringi za alteneta, baba." Beringi mbili pamoja na ufundi vilinigharimu shilingi 45,000, na nimerudi Dar es Salaam bila kusikia mlio wowote, isipokuwa kwamba giaboksi niliyouziwa inashtuka kila asubuhi ninapotoa N kwenda D. Ile yangu, iliyokuwa nzima, imebaki mikononi mwa muuzaji, na siamini kwamba aliipokea kwa bahati mbaya, kwa kuwa giaboksi nzima ya Premio haikai siku mbili dukani bila mnunuzi.

Watu hawa wawili wanastahili kushtakiwa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7, na mimi sitaki kusikia habari za kusuluhishwa gerejini kwa soda na pole. Walipe, na wafungwe. Wangapi wamekwisha kuvuliwa giaboksi nzima kwa tope la kidole kimoja?

Gari lako likilia ukikanyaga mafuta, lisimamishe, weka P na upige resi kwanza. Likilia hata hapo, mtake fundi atoe mkanda na kuwasha kidogo mbele yako kabla hajagusa sampo. Ukisikia habari za mteja wa saa kumi, ondoka. Kipuri cha zamani ni chako, kichukue.

Jumatatu nakwenda polisi nikiwa na ile karatasi, ujumbe wa malipo na beringi zilizotolewa. Yeyote aliyeachishwa giaboksi yake kwa njia hii kati ya Tegeta na Ilala aniandikie faragha kabla ya Jumapili jioni, ili twende pamoja.