Thingy:91 ya Nordic: mtandao unashika upesi, betri ndiyo ya kusimamiwa

Thingy:91 ni kiboksi kinachoenea kiganjani, kilichoundwa na Nordic Semiconductor ili mtu apate kihisi kinachorusha data kwa mtandao wa simu bila kulehemu waya hata mmoja. Kwa kazi hiyo kinafaa sana. Lakini anayekinunua akiamini kwamba betri itadumu mwaka kwa sababu tu maelezo ya chipu yanasema inakula mikroampia chache ikiwa imelala, atakuta imeisha ndani ya miezi mitatu, na redio haitakuwa na kosa.

Tuanze na kilichomo. Moyo wa kifaa ni nRF9160, chipu ya milimita 10 kwa 16 iliyobeba prosesa ya Arm Cortex-M33 ya 64 MHz, modemu ya LTE-M na NB-IoT (aina mbili za mtandao wa simu kwa vifaa vidogo visivyokula umeme mwingi), pamoja na kipokezi cha GPS. Kando yake iko nRF52840 inayoshughulikia USB na Bluetooth. Kihisi cha BME680 hupima joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na ubora wa hewa. ADXL362 hung'amua mwendo. Betri ni Li-Po ya 1440 mAh, na huchajiwa kwa kebo ya micro-USB.

Kabla ya hayo yote, uliza swali moja: je, mahali kitakapokaa kuna LTE-M au NB-IoT? Mnara wa 4G wa kawaida hautoshi. Kampuni ya simu lazima iwe imewasha mojawapo ya huduma hizo mbili, na laini yako iwe imeruhusiwa kuitumia. Modemu hii haina 2G ya kukimbilia. Simu yako inaweza kuonyesha vijiti vyote vya mtandao huku Thingy:91 ikitafuta mtandao hadi betri iishe.

Kuiandaa si kazi ndefu. Laini ni ya ukubwa wa nano. Ondoa PIN yake kwanza kwa kuiweka kwenye simu. Programu ya modemu na programu yako ni vitu viwili tofauti, na ya modemu ndiyo ya kuanza nayo. Bonyeza kitufe SW3, kisha washa swichi SW1 kabla hujakiachia. nRF9160 itaingia katika hali ya kupokea programu kupitia USB. SW4 hufanya vivyo hivyo kwa nRF52840. Hapo nRF Connect Programmer, programu ya Nordic ya kompyuta, itakubali faili la zip la modemu, kisha la programu yako. Ukitaka kuchunguza msimbo hatua kwa hatua utahitaji kifaa cha nje, J-Link au bodi ya nRF9160 DK, na uelekeze SW2 kwenye chipu unayoilenga. Kusahau SW2 ni kosa la kawaida: unaandika programu ya nRF9160 kwenye chipu ya USB, halafu kompyuta haikioni kifaa tena.

Ukifika kwenye amri za AT, maagizo mafupi ya maandishi unayoipa modemu kupitia mlango wa serial kwa kasi ya 115200, mfuatano huu unatosha kwa jaribio la kwanza:

AT+CFUN=4
AT%XSYSTEMMODE=1,0,0,0
AT+CGDCONT=0,"IP","APN yako"
AT+CPSMS=1,"","","00101000","00000101"
AT+CEREG=5
AT+CFUN=1

Mstari wa pili unachagua LTE-M peke yake. Ukiandika 0,1,0,0 unapata NB-IoT. Mstari huo hukubaliwa tu modemu ikiwa imezimwa au iko katika CFUN=4, yaani redio imenyamazishwa. Katika mstari wa tatu weka APN, jina la lango la data la kampuni yako ya simu. Kuwasha aina zote mbili katika jaribio la kwanza hurefusha utafutaji bila faida yoyote, kwa hiyo chagua ile unayojua ipo.

Baada ya hapo soma majibu ya CEREG, amri inayoonyesha hali ya usajili kwenye mtandao. 2 maana yake bado inatafuta. 1 imesajiliwa kwenye mtandao wa nyumbani, 5 imesajiliwa kwa mtandao wa kigeni, 3 imekataliwa. Jibu la 3 halisababishwi na antena: mara nyingi laini haina kibali cha huduma hiyo. Likitokea, jua kwamba laini huandika mtandao uliokukataa katika orodha yake ya mitandao iliyokatazwa, na hata kibali kikirekebishwa modemu itaendelea kuupita. Futa orodha hiyo modemu ikiwa imewashwa, kwa AT+CRSM=214,28539,0,0,12,"FFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFFF", kisha zima na uwashe upya. Amri hiyo ni ya kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

Nguvu ya ishara ipime kwa AT+CESQ. Chukua namba ya mwisho, toa 141, unapata dBm, kipimo cha nguvu ya ishara ambacho kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo ishara ilivyo bora: 60 ni takriban -81, hali nzuri sana, 26 ni -115, hapo betri itaumia. NB-IoT imeundwa kupenya hata chini ya ardhi, lakini hupenya kwa kurudia ujumbe uleule, hadi mara 128 kifaa kinapotuma. Kila marudio ni mlipuko mwingine wa redio. Kihisi kilichofichwa kwenye sanduku la chuma kitatuma, ndiyo, na kitalipa kwa betri. Kukisogeza nusu mita kutoka kwenye bati au bomba kunaweza kusaidia kuliko usiku mzima wa kurekebisha programu.

Sasa betri yenyewe. Mstari wa CPSMS unaomba usingizi mzito wa PSM. Tarakimu za kwanza, 00101000, ni saa nane kati ya salamu moja ya lazima, ambayo kifaa hutuma kuujulisha mtandao kwamba bado kipo, na nyingine. 00000101 ni sekunde 10 za kubaki macho baada ya kutuma. Ukituma kila saa, usiweke salamu ya lazima iwe saa moja. Kila utumaji huanzisha kipima muda upya, hivyo muda mrefu zaidi humaanisha salamu hizo hazitumwi kabisa. Na hilo ni ombi tu, mtandao ndio unaoamua. Nafasi mbili za mwisho katika jibu la CEREG ndizo muda uliokubaliwa: kwanza wa kubaki macho, kisha wa salamu. Muda wa kubaki macho ukiwa tupu au 11100000, hujapewa PSM, na kifaa kitakesha.

Tupige hesabu. Tuseme kila utumaji unachukua sekunde 5 kwa wastani wa 60 mA. Hiyo ni 0.083 mAh, na mara 24 kwa siku inakuwa 2 mAh. Tuseme bodi nzima ikilala inakula 40 µA, takriban 1 mAh kwa siku. Jumla 3 mAh. Betri ya 1440 mAh ingetoa siku 480 kwenye karatasi, kabla ya kuondoa upotevu wa betri yenyewe.

Washa sasa upimaji wa ubora wa hewa wa BME680. Ndani yake kuna kipasha moto kidogo, na katika hali ya kubana kabisa, kipimo kimoja kila sekunde 300, hula karibu 0.1 mA kwa wastani. Hiyo ni 2.4 mAh kwa siku, zaidi ya redio yote! Siku 480 zinashuka hadi 266. Ukichagua kipimo kila sekunde 3, wastani unafika 0.9 mA, na umebaki na miezi miwili hivi. Anayehitaji joto na unyevu pekee azime sehemu ya gesi bila kusita. Usomaji wa joto nao utakuwa safi zaidi, kwa kuwa kiboksi hakijipashi chenyewe.

Mlaji mwingine wa kimyakimya ni mlango wa serial. Mlango huo, UART, ukiachwa wazi kwa ajili ya ujumbe wa uchunguzi, chipu haizimi saa yake ya kasi, na mamia ya mikroampia hupotea muda wote. Ukiweka 0.5 mA katika hesabu yetu ya kwanza, siku 480 zinakuwa 96. Programu inayokwenda kazini ijengwe bila serial, na upimaji wa mkondo ufanywe bila kebo ya USB, la sivyo unapima kitu kingine. Power Profiler Kit II ya kampuni hiyohiyo husoma kuanzia 200 nA hadi 1 A, hivyo huona usingizi na mlipuko wa redio kwa pamoja.

Upande wa seva, CoAP juu ya UDP, njia ya kutuma ujumbe mfupi bila kufungua muunganisho kwanza, hukifaa kifaa hiki kuliko MQTT, inayohitaji muunganisho wa kudumu. Kufungua upya muunganisho wa TLS (uliofichwa kwa siri) wenye vyeti hugharimu kilobaiti kadhaa kabla hata ya kipimo kimoja kutumwa. Ukitumia DTLS, yaani TLS ya juu ya UDP, washa kitambulisho cha muunganisho, kwa sababu baada ya usingizi mrefu anwani yako upande wa mtandao huwa imebadilika na seva isiyo na kitambulisho hicho haitakutambua. Iambie modemu pia, kwa RAI (ishara ya kuruhusu muunganisho wa redio ufungwe mapema), kwamba huu ndio ujumbe wa mwisho. Bila hivyo mtandao hushikilia muunganisho wazi kwa sekunde kadhaa huku hakuna kinachosemwa.

GPS ipo na inafanya kazi, ila inatumia redio moja na LTE, kwa hiyo hupata nafasi modemu inaponyamaza tu. Kwa kihisi kisichohama, izime.

Kwa kujaribu eneo, kujifunza amri na kupata vipimo vya kweli vya mtandao wako, Thingy:91 inastahili kila sifa. Anayenunua leo aiangalie pia Thingy:91 X, yenye nRF9151 na USB-C. Kwa kihisi cha kukaa miaka nje, betri ya Li-Po ndiyo kikwazo: haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzijoto 0, na huchakaa kwa joto kali. Hapo tengeneza bodi yako kwa chipu ileile na betri ya lithiamu thionili kloridi ya 3.6 V, ukiiwekea kapasita kubwa kando yake. Betri hizo hazimudu peke yake mlipuko wa mamia ya miliampia. Volti huanguka, modemu hujizima katikati ya kutuma, na kifaa huanza upya kikitafuta mtandao tena na tena huku betri ikiwa bado imejaa.